Kutembea kandokando ya mifereji na mito ya Nyanda za Juu Kusini: namna ya kuchagua njia nyepesi na kurudi salama

Anayetaka matembezi mepesi Iringa, Mbeya au Njombe hukutana na kikwazo kilekile: kila njia ina mlima. Kutoka Iringa mjini unateremka vizuri hadi Ipogolo, lakini kurudi ni kupanda. Huko Rungwe unaweza kutafuta mita mia mbili za tambarare usizipate. Ila kuna njia moja ambayo haipandi, nayo ni ya mfereji wa umwagiliaji. Mfereji hauwezi kupanda hata ukitaka, na ukiteremka kwa kasi unajila wenyewe kingo. Kwa hiyo waliouchimba waliufuatisha ubavu wa kilima ukiteremka taratibu, mara nyingi nusu mita hadi mita moja na nusu tu kwa kila kilomita. Mguu hauhisi mteremko huo. Mzee mwenye magoti mabovu, mama mwenye mtoto mgongoni, au mtu anayetoka kuugua anaweza kwenda kilomita tatu na kurudi tatu bila kuhema.

Mto ni habari nyingine. Mto hufuata bonde, na bonde lina miamba, maporomoko na vijito vinavyoingia kutoka pembeni. Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kuchagua, anza na mfereji. Mito ibakize kwa vipande vifupi unavyovijua.

Kuitafuta njia kabla ya kutoka nyumbani

Fungua picha ya setilaiti kwenye ramani ya simu na uitazame sehemu unayotaka kwenda, hasa picha iliyopigwa kiangazi. Mfereji unaonekana kama mstari unaotenganisha rangi mbili: juu yake kahawia, chini yake kijani. Ufuate mstari huo hadi unapogusana na mto. Hapo ndipo penye banio, yaani ukuta mdogo unaoinua maji yaingie mferejini. Kutoka banio mfereji mkuu huenda hadi kwenye vigawa maji, kisha hugawanyika kuwa mifereji midogo na hatimaye kuingia majarubani.

Kipande kizuri cha kutembea ni mfereji mkuu, kati ya banio na kigawa maji cha kwanza. Hapo tuta ni pana, mara nyingi limeachwa makusudi lipitike kwa ukaguzi, na maji yanatiririka kipindi kirefu zaidi cha mwaka. Mifereji midogo ya ndani ina matuta ya upana wa nyayo mbili, yenye utelezi, na kila baada ya hatua hamsini pamekatwa ili maji yaingie shambani. Watu wengi wanaolalamika kwamba matembezi ya mferejini ni taabu wamepita huko ndani.

Ukiwa na ramani ya karatasi ya 1:50,000, tazama mistari ya kontua, ambayo kwa kawaida huwa na tofauti ya mita 20 kati ya mstari na mstari. Njia inayokwenda sambamba na kontua ni nyepesi. Inayozikata kontua tatu ndani ya sentimita mbili za ramani inakupandisha mita 60 katika kilomita moja. Hiyo si nyepesi tena.

Pima umbali kwa kwenda na kurudi. Mtu mzima kwenye tuta kavu huenda kilomita nne kwa saa. Akiwa na watoto wadogo hesabu mbili na nusu. Simu ikiisha chaji, hesabu hatua: kilomita moja ni hatua 1,300 hadi 1,500 kwa watu wengi. Kwa mara ya kwanza kilomita tatu kwenda zinatosha kabisa.

Msimu

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kiangazi chote ni kizuri. Katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, vitalu vya mpunga huandaliwa Novemba na Desemba, kupandikiza huendelea Januari na Februari, na mavuno huja kuanzia Mei. Masika udongo mweusi wa mbugani hunata kwenye viatu hadi kila mguu unabeba kilo moja ya ziada, na pawatila, yaani trekta ndogo za kusukuma kwa mikono, zimekwishalichimba tuta kwa magurudumu ya chuma. Kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Julai ndiyo miezi bora: tuta limekauka, maji bado yapo, mpunga unageuka kutoka kijani kwenda dhahabu, na utawakuta watu wakiamia ndege tangu alfajiri.

Agosti hadi Oktoba mabanio mengi ya Usangu hufungwa au hupunguzwa ili maji yabaki mtoni. Hilo lina sababu nzito. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na maji yanayochukuliwa huku juu ni sehemu ya chanzo. Kwa hiyo ukikuta mfereji mtupu mwezi Septemba usidhani umeharibika. Unapitika, lakini jua ni kali na hakuna cha kutazama.

Oktoba na Novemba kuna msaragambo wa kusafisha mifereji. Tope lote hutupwa juu ya tuta, yaani juu ya njia yako. Uliza kwanza. Baada ya usafi ipe wiki mbili ikauke.

Kwa upande wa Iringa na Njombe, Juni hadi Agosti ni miezi ya baridi. Bondeni baridi ni kali kuliko mlimani kwa sababu hewa nzito ya usiku huteremka na kutulia kandokando ya maji. Huko Njombe na Makete umande huganda kuwa sakitu, na nyasi za ukingoni huteleza hadi jua lizifikie. Huko usianze kabla ya saa tatu asubuhi. Usangu fanya kinyume: anza saa kumi na mbili na nusu, maliza kabla ya saa nne.

Ruhusa

Mfereji una wenyewe. Kuna chama cha wamwagiliaji au cha watumia maji, na kuna mgawa maji anayejua zamu ya kila shamba. Fika kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji, jieleze kwamba mnatembea tu, kisha mwombe akuelekeze kwa mgawa maji. Huyu ndiye mtu wa maana kwako kuliko wote. Anajua tuta lilipotoboka, daraja lililooza, na saa ambayo mlango utafunguliwa maji yajae. Iringa na Njombe "Kamwene" inafungua mazungumzo. Rungwe na Kyela "Ugonile", na kwa mkubwa "Mugonile". Mashamba makubwa ya mpunga ya Mbarali na Kapunga yana geti na walinzi. Bila kibali cha uongozi usiingie, hata kama njia ya pembeni iko wazi.

Usipige picha za madaraja ya reli ya TAZARA wala majengo ya magereza. Usiguse mlango wa maji hata kwa kuupima. Kuupandisha kidogo tu kunaweza kumnyima mtu zamu yake ya wiki nzima, na watu wamegombana kwa panga juu ya jambo hilo.

Vitu vya kubeba

Viatu vyenye meno chini, vilivyofungwa kwa kamba. Ndala huvutwa na tope na huteleza kwenye zege lenye ukoga. Fimbo ya urefu wa kifua, kavu na nyoofu. Kamba ya mita 10 yenye unene wa kidole. Maji ya kunywa: nusu lita kwa kila saa kwa mtu mmoja, na Usangu ongeza nusu nyingine. Suruali ndefu kwa ajili ya nyasi na upupu. Kitambaa kikavu ndani ya mfuko wa plastiki. Basi. Mzigo ukizidi kilo nne umebeba visivyohitajika.

Msimu wa ulanzi, yaani pombe ya mianzi, ni masika, na utaukuta ukiuzwa karibu na kila bonde lenye mianzi. Unywe baada ya matembezi, kamwe usiunywe kabla. Tuta lina upana wa mita moja na upande mmoja ni maji.

Namna ya kutembea juu ya tuta

Pita katikati ya tuta, usikanyage kingo. Kaa na panya huchimba mashimo kutoka upande wa maji kwenda upande wa shamba, na ukingo hubaki kama mkate ulioliwa ndani. Fimbo itangulie: ikizama zaidi ya nusu kiganja, ruka au zunguka. Ukiona upande wa nje wa tuta kuna sehemu mbichi inayotoa maji huku kwingine kukiwa kukavu, tuta limetoboka na linaweza kukatika. Pita upande wa shamba, mbali, na ukirudi mwambie mgawa maji. Taarifa hiyo atakushukuru nayo.

Kabla ya kuruhusu watoto wakaribie maji, pima kasi. Nyoosha kamba yako ya mita 10 kando ya mfereji, tupa jani kavu mwanzoni, hesabu sekunde. Likifika mwisho kabla hujamaliza kumi, maji yanakwenda zaidi ya mita moja kwa sekunde. Maji ya kasi hiyo yakifika mapajani yanaweza kumwangusha mtu mzima. Mtoto hata magotini hayafai. Kwenye kasi hiyo watoto washikwe mkono, na watembee upande wa shamba.

Mfereji wa zege ni hatari kuliko wa udongo, ingawa unaonekana nadhifu. Kuta zake zimeinama, zimeota ukoga, na aliyeanguka hana pa kushika. Mtu akianguka usimfuate ndani. Lala kifudifudi, mrushie kamba au mpe fimbo au kitenge, umvute kwa pembe kuelekea ukingoni, huku ukisogea naye kwa mwendo wa maji. Aliye ndani ageuze miguu itangulie chini ya mkondo na atafute ngazi au mahali ukuta ulipovunjika. La haraka kuliko yote ni kumtoa kabla hajafika kwenye kalvati au mlango wa maji. Hapo maji hupita chini na humvuta mtu akwame. Kwa sababu hiyo hiyo usipumzike wala usile karibu na kalvati; nenda hatua thelathini mbali nayo.

Madaraja ya magogo: mmoja mmoja, kwa upande, fimbo upande wa chini ya mkondo. Gogo lililovuliwa gamba na likang'aa limetumika sana, na hilo ni jema. Lenye uyoga pembeni limeoza hata kama juu linaonekana zima.

Mchana ng'ombe hupelekwa kunywa. Ukilisikia kundi linakuja, toka kwenye tuta kuelekea upande wa juu na usimame. Kosa ni kusimama kati ya ng'ombe na maji.

Maji yenyewe: kichocho, dawa na mafuriko

Usioge, usinawe miguu, usivuke kwa kuingia majini katika mifereji ya mpunga na vidimbwi vyake. Maji yanayokwenda polepole na yenye magugu hukaa konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho, na vijidudu hivyo hutoka kwa wingi jua linapokuwa juu, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Saa ambazo mtu anatamani kujipoza ndizo mbaya zaidi. Ukiteleza ukalowa, jifute papo hapo kwa nguvu na kile kitambaa kikavu; inapunguza hatari ingawa haiiondoi.

Usinywe pia, hata yaking'aa. Wakulima wa mpunga, nyanya na vitunguu hupiga dawa za wadudu na magugu, na mabaki huteremka na maji ya kutolea. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi dawa hizo. Ukikuta mtu amebeba bomba la dawa mgongoni, tambua upepo unavuma kutoka wapi na upite upande unakotoka.

Mafuriko ya ghafla yanahitaji maelezo kwa sababu yanamkuta mtu akiwa kwenye jua. Mito ya Chimala, Kimani na Mbarali hushuka kutoka milima mirefu iliyo kusini mwa Usangu na kuingia kwenye tambarare iliyo juu ya usawa wa bahari kwa mita elfu moja na kidogo tu. Mvua inaweza kunyesha huko juu saa mbili kabla, wewe ukiwa huku chini hujaona wingu juu yako. Dalili ni hizi, kwa mpangilio ambao mara nyingi huja: maji yanageuka rangi kuwa kahawia, yanaanza kubeba majani na vijiti, kisha sauti yake inakuwa nzito. Usingoje dalili ya tatu. Panda ukingo mara moja, na usirudi kuchukua kitu chochote ulichokiacha kwenye mchanga. Kuanzia Desemba hadi Aprili usitembee ndani ya bonde jembamba la mto mchana ukiona milima imefunikwa.

Na wanyama. Kwenye mifereji ya karibu na barabara kuu, wa kuangalia ni nyoka, hasa bafe anayejilaza njiani asubuhi akiota jua na asiyekimbia. Fimbo igonge chini mbele yako. Lakini ukiteremka kuelekea kinamasi cha Ihefu, au Pawaga kuelekea bwawa la Mtera, hali inabadilika kabisa: kuna viboko, mamba, na tembo wanaovuka kutoka hifadhini. Njia ya kiboko inatambulika kwa urahisi: mifereji miwili sambamba yenye kituta katikati, kwa sababu miguu yake iko mbali kushoto na kulia. Ukiikuta inaingia majini, geuka urudi. Huko si mahali pa matembezi mepesi bila mwenyeji anayejua.

Vipande vya kuanzia

Kalenga, Iringa. Ni kilomita 15 hivi kutoka mjini kwa barabara iendayo Hifadhi ya Ruaha. Ruaha Mdogo hupita hapa katika bonde lililo wazi, na kando yake kuna bustani za nyanya na mboga pamoja na vinyungu, yaani matuta ya bondeni yanayolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini. Njia zao ni za wakulima, kwa hiyo zinapitika na miteremko yake ni midogo. Tembea kwenye njia iliyokwishakanyagwa na uviache vinyungu kando. Kituta kimoja kikiporomoka maji hutuama na miche huoza. Ukimaliza, makumbusho ya Mkwawa, chifu wa Wahehe, yako hapohapo kijijini, yenye fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Ngome yake ya hapa ilianguka 1894. Kwa anayeanza Iringa tunaipendekeza Kalenga kuliko Ipogolo, ambako ukingo umebanwa na makazi na barabara kuu. Ukienda Ipogolo, panda daladala wakati wa kurudi mjini. Mlima ule unaharibu wepesi wote.

Igurusi na Chimala, Mbarali. Hizi ndizo njia tambarare kuliko zote za ukanda huu. Zote mbili ziko kwenye barabara ya TANZAM na kosta za Mbeya–Makambako hupita siku nzima. Shukia stendi, pata mwenyeji, anza upande wa mashamba na uelekee banio. Sababu ya kuanza chini: asubuhi mashambani kuna ndege wengi, yangeyange na korongo kwenye majaruba, mdiria juu ya milango ya maji. Jua linapokuwa kali utakuwa umefika kwenye banio, ambako mara nyingi ndiko kwenye miti. Mivuli ya mivengi ni mizuri kuliko ya mikaratusi, na chini yake ardhi ina unyevu. Usangu kuna mbu, kwa hiyo kama unalala huko chandarua ni lazima.

Mto Kiwira, Rungwe. Hapa ni kifupi na hakifai kuitwa chepesi mvua ikinyesha. Daraja la Mungu ni mwamba wa asili uliotokana na volkano, unaovuka mto kama tao, na Kijungu ni shimo ambamo mto mzima huingia na kuzunguka kama maji ya chungu. Eneo liko upande wa magharibi wa barabara ya Mbeya–Tukuyu na linapakana na chuo cha magereza, kwa hiyo jiandikishe getini na ufuate maelekezo. Rungwe mvua huendelea hadi Mei. Nenda Septemba au Oktoba. Miamba ya Kijungu inateleza na imelowa muda wote, na aliyeanguka humo hatoki. Simama angalau mita tatu kutoka ukingoni, mikono ya watoto ishikwe, na picha ipigwe ukiwa umekaa.

Njombe mjini kuna maporomoko ya Ruhuji, karibu sana na barabara iendayo Makambako. Nusu saa inatosha, na yanafaa kwa anayesubiri basi.

Ukisharudi

Vua viatu, kausha katikati ya vidole, kagua miguu kama kuna mikwaruzo na uisafishe kwa sabuni. Andika mahali tuta lilipokuwa bovu na ulipoishia, kwa sababu mfereji hubadilika kila msimu na kumbukumbu ya mwaka jana haitoshi. Kama uliingia majini, hata kwa kuteleza, nenda zahanati ukapime kichocho baada ya wiki sita hadi nane. Ukipima mapema mayai hayajaanza kuonekana. Mkojo wenye damu, muwasho mkali siku moja au mbili baada ya kulowa, au homa isiyo ya malaria wiki chache baadaye ni sababu ya kwenda bila kungoja. Dawa yake, praziquantel, hutolewa kwa kipimo kinachotegemea uzito wa mwili, kwa hiyo usigawane vidonge vya jirani.